Ukigeuza ufunguo gari linagonga tu, haliwaki: tupeane uzoefu, wewe ulikuta ni nini?

Mleta mada, Tabata
Wakuu, habari za mihangaiko. Haupiti mwezi sijapigiwa simu na ndugu au mtu wa kazini: "Kaka, gari linalia tatata, haliwaki." Na jibu la kijiweni ni lile lile, nunua betri. Betri siku hizi si hela ya mchezo, na nimeshuhudia watu wakifunga mpya, wanawasha, mlio uleule.

Tuelezane visa vyenyewe: gari gani, mlio ulikuwaje, ulipima nini, mwisho ukakuta nini. Kama hujapata kisa, soma tu, usituletee ya kuambiwa.

Naanza na Noah ya shemeji. Dashibodi inawaka vizuri, ukimalizia ufunguo inapiga tatatata kama cherehani, taa ya ndani inafifia. Nikaweka mita: volti 12.5, karibu imejaa. Shemeji akahukumu stata, ile mota inayozungusha injini iwake. Nikamwomba ashike ufunguo, mimi nikapima kwanza kwenye nguzo za betri, zile za risasi zenyewe, kisha nikahamisha waya mwekundu wa mita kwenye kibano kilichoishika nguzo ya chanya. Nguzo haikushuka chini ya 12. Kibano kikaanguka hadi 4 na kitu. Yaani milimita chache tu kati ya risasi na kibano ndizo zilikuwa zinakula umeme wote. Kwa nje kisafi kabisa, tulipokifungua ndani kuna utando mweusi mwembamba. Msasa, nati ikakazwa, Noah ikanguruma.

Fundi umeme wa magari, Mwenge
Mada nzuri. Nieleze kwa nini inalia hivyo, maana ukilijua hilo nusu ya kazi umemaliza. Solenoidi ya stata, ile swichi ya sumaku iliyo juu yake, ikipata umeme inavuta. Ikivuta inaunganisha mota, na mota inameza ampea mia na zaidi kwa mpigo. Kama betri au njia ya umeme ni dhaifu, volti zinaporomoka, solenoidi inaachia. Ikiachia mzigo unaondoka, volti zinarudi, inavuta tena. Ndiyo hiyo tatata. Mlio wa haraka maana yake umeme upo lakini hautoshi: betri, vibano, nyaya nene.

"Tak" moja nzito halafu kimya ni habari nyingine. Solenoidi imevuta na imeshika, ila mota haizunguki. Hapo wa kuchunguzwa kwanza ni stata, au injini yenyewe.

Halafu muulize mteja inagongea wapi. Relei, swichi ndogo ya umeme kwenye boksi la fyuzi, nayo inagonga, lakini mlio wake ni mwepesi na hautoki chini kwenye injini. Watu wanashusha stata nzima kumbe waya mdogo wa kuiamsha haujafikiwa na umeme.

Mama wa duka, Moshi
Asante fundi. Probox yangu ya kubebea mzigo ilikuwa ya "tak" moja. Asubuhi inagoma, unageuza tena na tena, ghafla inawaka kama hakijatokea kitu. Kijana mmoja alinifundisha jaribio lisilohitaji mita: washa taa kubwa uelekee ukutani, geuza ufunguo, tazama mwanga. Ukififia karibu na kuzima, tatizo ni betri au vibano. Mwanga ukibaki palepale na unasikia tak tu, umeme hauingii kwenye mota.

Taa zangu hazikutikisika. Stata ikashushwa, kifuniko cha solenoidi kikafunguliwa, na mimi nikiwa nimeinama palepale. Ndani mna vipande viwili vya shaba. Kimoja kilikuwa kimeliwa upande hadi diski inayotakiwa kuvigusa vyote viwili ikawa inakifikia kwa bahati nasibu. Kumbe ndiyo maana siku nyingine inakubali. Fundi wa pembeni tayari alikuwa ameniletea stata nzima ya mtumba kutoka kwa jamaa yake, na bei kashaitaja. Nikamwambia airudishe. Vile vishaba vinauzwa peke yake.

Dereva wa daladala, Mbagala
Dada hapo umewaokoa wengi, hapo ndipo tunapoliwa.

Sisi barabarani dawa yetu ni spana. Konda anashuka, anagonga mwili wa stata, mimi nimeshika ufunguo. Inazunguka. Abiria hata hawajui.

Fundi umeme wa magari, Mwenge
Dereva, ikizunguka baada ya kugongwa hujatibu, umepima. Mara nyingi ni kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimeisha, zinaning'inia haziigusi mota vizuri, na ukigonga zinarudi kwa muda. Peleka gari likawekewe kaboni mpya kabla halijakuzimikia katikati ya foleni. Na mwambie konda apunguze mkono: stata nyingi za siku hizi zina sumaku za kudumu ndani, ukizipiga kwa hasira zinapasuka, na hapo kweli utanunua nzima.

Mkaazi wa Likoni, Mombasa
Huku kwetu chumvi ya bahari haina huruma. Gari la mjomba lilipiga tatata, akanunua betri mpya siku hiyohiyo, likapiga tatata. Makanika wetu hakusema neno. Alichukua waya mmoja wa kubusti, zile za kuazima umeme wa gari lingine, ncha moja akaibana kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. "Washa." Likawaka mara moja. Ule waya wa ethi, wa kurudisha umeme kwenye hasi, uliosukwa, unaotoka kwenye injini kwenda bodi, ulikuwa umeoza chini ambako hakuna anayetazama. Betri ya zamani mjomba anayo hadi leo, inawasha taa za banda la kuku.

Msomaji, Tunduma
Wenye Fuso: mna betri mbili za 12 zilizofuatana kupata 24. Pimeni moja moja. Moja ikichoka inaiangusha na mwenzake, na ukipima zote kwa pamoja unadanganyika.

Mstaafu, Magomeni
Vijana, cha kwangu hakihusu umeme hata kidogo. Masika, maji yamejaa Jangwani, mpwa wangu akajifanya anapita. Gari likazima katikati. Waliomvuta wakamwambia apige stata: tak moja nzito, taa zikafifia. Watu wakakimbilia waya za kubusti. Akanipigia, nikamwambia asiguse ufunguo.

Maji yakivutwa na bomba la hewa yanaingia kwenye silinda, na maji hayashindiliki. Pistoni inagota. Ukiongeza umeme kwa nguvu unapinda konrodi, mkono unaoshika pistoni. Tulifungua boksi la filta ya hewa kwanza, filta imelowa chepechepe, ushahidi ukatosha. Plagi zote zikatolewa, ndipo stata ikapigwa kidogo kidogo, na maji yakaruka kwenye matundu hadi kwenye boneti. Oili tukaimwaga yote. Gari lipo, linatembea.

Dereva wa Noah, Dodoma
Shikamoo mzee. Hiyo sikuwahi kuisikia.

Mtanzania aliyeko Muscat
Salaamu kutoka joto kali. Watu hudhani baridi ndiyo inayoua betri. Baridi inaifichua tu iliyokwisha kuchoka. Inayoichosha ni joto: maji yake hukauka, sahani za ndani huliwa. Huku jioni umeegesha gari zima, asubuhi tatata, bila dalili yoyote. Na msidanganyike na 12.6 ya gari lililolala. Tazama mita wakati stata inazunguka. Ikianguka chini ya 9.6 hivi, na vibano ni safi, betri hiyo imemaliza kazi.

Mgeni, Kahama
Wakuu samahani, langu sijui ni kundi gani. Linapiga tatata, nikibusti linawaka, natembea kutwa nzima. Kesho yake asubuhi tatata tena. Betri ni mpya.

Fundi umeme wa magari, Mwenge
Hiyo stata haina kosa. Washa gari, pima betri injini ikiwa inanguruma. Inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikiwa sawa, tafuta kinachonyonya usiku: redio, alamu, kile kifaa cha kufuatilia gari.

Mgeni, Kahama
Nimepima sasa hivi. 12.2, na inazidi kushuka.

Fundi umeme wa magari, Mwenge
Altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haichaji. Mkanda unaoizungusha upo?

Mgeni, Kahama
Upo, ila nikiwasha taa unapiga kelele.

Fundi umeme wa magari, Mwenge
Unateleza huo. Uangalie kama umepasuka au umelegea, anza na hapo kabla hujamruhusu mtu kufungua altaneta. Na leo usiendeshe usiku.