KERO: Mnaosema GNU Radio na PyTorch zinakaa Python moja "bila shida", mmewahi kuchomeka antena nyinyi?

Wakuu, salaam. Nyuzi za "redio ya programu na ujifunzaji wa mashine kwa hatua rahisi" zimejaa kila kona, na leo naomba tuambiane ukweli: wengi mnaoziandika hamjawahi kuendesha hivyo vitu viwili, GNU Radio (programu ya kuchakata ishara za redio kwa kompyuta) na PyTorch (maktaba ya Python ya kufundisha modeli), pamoja. Mnanakili amri, mnabandika, mnapokea pongezi. Anayeumia ni anayezifuata.

Niko Tanga, huku Raskazone, meli za bandarini naziona kwa macho. Nilichotaka ni kidogo: kidude cha RTL-SDR (kipokezi cha redio cha USB), antena ya kujitengenezea, ninase AIS (ishara za utambulisho na mahali meli ilipo) zinazotangazwa na meli kwenye 161.975 na 162.025 MHz, kisha nifundishe modeli ndogo itofautishe AIS na makelele mengine ya hapo karibu. Meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa zinalazimika kubeba AIS, kwa hiyo data ipo, inapita hewani usiku na mchana, haina malipo.

Kidude chenyewe sikilalamikii. Kilibuniwa kwa ajili ya televisheni, ndiyo maana Linux ikikiona inakipa draiva ya TV, dvb_usb_rtl28xxu, na programu za redio zinaambulia patupu mpaka uifungie hiyo draiva. Hili mnaliandika, asanteni.

Sasa njoo kwenye Python. Mnasema: sakinisha GNU Radio kwa apt (kisakinishi cha Ubuntu), halafu pip install torch (pip ni kisakinishi cha Python), umemaliza. Umemaliza nini? Kwenye Ubuntu 24.04 ukijaribu pip kwenye Python ya mfumo unakataliwa papo hapo na ujumbe wa externally-managed-environment. Mtu akiuliza, anajibiwa "weka --break-system-packages mkuu, inapita". Inapita, ndiyo. Inapita na kuvunja ya wenzake. GNU Radio ya apt imejengwa kwa Python ileile ya mfumo na kwa NumPy (maktaba ya hesabu za namba) ya kizazi cha 1. NumPy 2.0 ilitoka Juni 2024 ikabadilisha namna moduli za C zinavyoungana nayo. Pip ikikushushia NumPy 2 juu ya ile ya zamani, moduli zilizojengwa kwa NumPy 1 zinagoma, na grafu yako (mnyororo wa bloku za GNU Radio) iliyokuwa ikicheza asubuhi jioni haifunguki. Hata ukitengeneza mazingira ya pembeni yanayoona vya mfumo, kwa --system-site-packages, NumPy mpya iliyomo humo ndiyo inayosomwa kwanza, kwa hiyo ugomvi ni uleule.

Na bando je? Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. PyTorch ya kawaida kwa Linux inakuja na mzigo wa maktaba za CUDA (za kutumia kadi za NVIDIA), zaidi ya GB 2, na laptopu yangu haina hata kadi ya NVIDIA! Ipo PyTorch ya CPU tupu, inashushwa kutoka download.pytorch.org/whl/cpu, ni ndogo mara nyingi zaidi. Mstari mmoja tu wa kuongeza. Mwongozo nilioufuata haukuutaja. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, na GB zangu ziliondoka hivyo hivyo, kwa ajili ya maktaba ambazo mashine yangu haiwezi kuzitumia. Aliyeandika ule mwongozo huenda ana Wi-Fi ya ofisi. Sisi tunaunga vifurushi.

Halafu wapo wa "tumia conda tu", yaani kisakinishi kingine chenye mazingira yake. Sawa, GNU Radio ipo conda-forge (hazina ya vifurushi vya conda), hata radioconda (conda iliyopakiwa programu za redio) ipo, na kwa kazi nyepesi ni nzuri, sibishi. Ila ruhusa za kidude kwenye udev (msimamizi wa vifaa wa Linux) bado utaziweka kwa mkono nje ya conda, na moduli uliyoijenga mwenyewe kwenye /usr/local conda haiioni. Ukiilazimisha ndipo unakutana na kosa la "GLIBCXX haijapatikana", yaani matoleo ya maktaba ya C++ hayalingani. Hapo yule wa "tumia conda tu" humuoni tena kwenye uzi.

Nimejiuliza kwa nini wao hawakutani na haya. Jibu nimelipata kwenye mifano yao: karibu wote wanatumia seti ya data ya RadioML 2016.10A. Hizo ni ishara zilizotengenezwa na kompyuta, aina 11, zimekatwa vipande vya sampuli 128, zimehifadhiwa kwenye faili. Unalifungua faili, unafundisha modeli, unachora jedwali la rangi la makosa, basi. GNU Radio haiguswi kabisa! Sasa unapata wapi ujasiri wa kuandika kwenye kichwa cha habari kwamba umeunganisha redio na akili mnemba?

Kilichofanya kazi kwangu sikukiona kwenye mwongozo hata mmoja: usiziweke nyumba moja. GNU Radio ibaki ya apt kwenye Python ya mfumo, usiiguse. PyTorch ya CPU ikae kwenye venv (mazingira ya Python ya pembeni) yake safi, isiyoona vya mfumo. Katikati weka ZMQ (maktaba ya kupitisha data kati ya programu): grafu inatuma sampuli kupitia bloku ya ZMQ PUB, programu ya modeli inazipokea kwa pyzmq na kuzisoma kama complex64 (namba changamano, baiti 8 kila sampuli). Hazishirikiani NumPy, hazishirikiani chochote.

Na jamani, acheni kumwambia kila mtu aweke sampuli milioni 2.4 kwa sekunde. Kwa complex64 hizo ni MB 19.2 kila sekunde, laptopu ya mtumba inahema. Masafa mawili ya AIS yametengana kHz 50 tu. Mimi nimeshusha hadi 250,000, MB 2 kwa sekunde, na meli nazipata vizuri.

Kilichobaki ni hiki: modeli ikichelewa kidogo, PUB inatupa sampuli kimyakimya, na ujumbe wa AIS ni mfupi, ukikatwa katikati hauna faida. Nikibadili kuwa PUSH, inayosubiri mpokeaji, grafu inakwama na alama za O (sampuli zimefurika) zinajaa kwenye skrini. Aliyewahi kulimaliza hili kwa mikono yake aje aeleze amefanyaje. Wa "piga Windows chini, weka upya" na wa "mbona kwangu inakubali" wapite kimya, nawaomba kwa heshima zote.