Tupeane uzoefu: vitufe vya chaguo kwenye fomu za hifadhidata

Wakuu, salaam. Vile vitufe vya duara vya "chagua kimoja tu", mnavishughulikiaje? Kwenye Access (programu ya hifadhidata ya Microsoft) nimeacha kukagua kitufe kimoja kimoja. Naviweka ndani ya fremu ya machaguo, kila kimoja na namba yake kwenye sifa yake ya OptionValue, kisha naisoma fremu yenyewe. Select Case moja (amri inayochagua la kufanya kulingana na thamani), basi. Fremu inatunza namba, si maneno, hivyo majina ya machaguo nayaweka kwenye jedwali lake. Leteni yenu.

Fundi_Kodi: Mkuu, na Null, yaani thamani tupu, je? Nilirithi fomu ya wanafunzi yenye msimbo huu:

Case 1: "Mpya"
Case 2: "Anaendelea"
Case Else: "Amehitimu"

Karani akiruka swali, fremu inabaki Null, na Null inaangukia Case Else, yaani "vinginevyo". Ripoti ikajaa wahitimu ambao hata darasani hawajaingia! Nikaandika Case 3 waziwazi, na kwenye BeforeUpdate ya fomu (tukio la kabla ya kuhifadhi) nikaweka IsNull (je, ni tupu?) ikifuatiwa na Cancel = True (sitisha). Hujachagua, huhifadhi.

Mama Data: Wengine wanaikwepa Null kwa kuweka chaguo la kuanzia. Mimi silitaki kabisa. Karani mwenye haraka halibadilishi, na baadaye huwezi kujua nani alichagua na nani alipitiliza. Heri pengo linaloonekana kuliko jibu la uongo.

jedwali7: Naunga mkono. Kwangu kichwa kiliuma kwenye kisanduku cha namba ya hundi, kinachotakiwa kuonekana mtu akichagua "Hundi" tu. Ukibofya kinatii, ukihamia rekodi inayofuata, ya fedha taslimu, bado kimekaa pale pale. AfterUpdate (tukio la baada ya mtu kubadili chaguo) haishtuki ukihamia rekodi nyingine, wala thamani ikiwekwa na msimbo. Ile amri ya kuficha niliitoa nikaiandikia Sub yake (kipande cha msimbo chenye jina), inaitwa na AfterUpdate na pia Form_Current (tukio la kufika kwenye rekodi).

Mzee wa VB6: Huku kwetu kwenye VB6 (Visual Basic 6, lugha ya zamani ya programu), maswali mawili yakikaa moja kwa moja juu ya fomu, kuchagua jinsia kunafuta aina ya malipo. Kila swali na Frame yake. Na kitufe kichorwe humo humo ndani. Ukikiburuta kutoka nje kinaonekana kimeingia, kumbe bado ni cha fomu. Kikate, chagua Frame, bandika.

Mgeni_Access: Fomu yangu inaonyesha rekodi nyingi kwa pamoja. Nikichagua mstari mmoja, yote inabadilika. Shida nini?

Fundi_Kodi: Fremu yako haina ControlSource (chanzo cha data yake), mkuu. Iunganishe na safu ya jedwali, kila mstari utashika lake.