Naomba ushauri: kusomea sayansi ya uhifadhi wa urithi wa utamaduni kwa mbali, inawezekana kweli?

Mkemia_Mpya:
Habari zenu wakuu. Nina digrii ya kwanza ya kemia na nafanya kazi kwenye maabara ya kupima maji, ila moyo wangu uko kwenye vitu vya kale, michoro, hati za zamani, sanamu za shaba. Nataka niwe yule mtu anayepima rangi na kutu halafu anamwambia fundi mhifadhi kitu hiki kimetengenezwa na nini na kwa nini kinaharibika. Shida siwezi kuacha kazi na watoto nikakae chuoni miaka miwili. Naona vyuo vinatangaza kozi za onlaini, nyingine cheti, nyingine masta kabisa. Hivi mtu anaweza kusoma fani hii kwa mbali akatoka anajua kazi, au nitaishia kupata karatasi tu? Mliopita njia hii nambieni ukweli hata kama unauma.

Darubini:
Karibu mkuu. Kwanza tofautisha, fundi mhifadhi ni yule anayesafisha, anayegundisha, anayeshona. Hiyo kwa mbali sahau kabisa. Ya kwako ya sayansi nusu yake inawezekana. Nusu isiyowezekana ni sampuli, na hapo sikufichi. Unachukua chembe ya rangi ndogo kuliko kichwa cha pini, unaikata chini ya darubini, unaizamisha kwenye rezini (gundi ya maji inayoganda kama plastiki), unaisugua taratibu mpaka matabaka yote yaonekane, na hapo katikati ukipumua vibaya imeruka na mchoro hauwezi kuchokolewa tena kila ukipoteza. Video haikufundishi hiyo, ni mkono wako na mwalimu amesimama nyuma yako. Kozi ambayo haina hata wiki chache za kwenda maabara kwa miguu yako mwenyewe, kwa mwanasayansi haitoshi, nasimamia hapo.

Grafu_Usiku:
Nakubaliana na Darubini ila hiyo nusu nyingine msiidharau, kusoma data kwa mbali kunafaa mno, tena nahisi ni kuzuri kuliko darasani maana unakaa na grafu moja jioni nzima hakuna anayekuharakisha. Mfano mdogo. Unapima rangi ya njano kwa mashine ya XRF, ile inayopiga kitu eksirei na kuonyesha kwa mistari ya grafu kina elementi gani, programu inakuandikia arseniki, na wewe unafurahi kwamba hii ni ile njano ya zamani ya arseniki. Ngoja kwanza. Mstari mkuu wa arseniki na mstari mkuu wa risasi vyote vinakaa karibu na keV 10.5 (keV ni kipimo cha nishati ya eksirei), vimelaliana, programu haiwezi kukuamulia. Nenda uangalie kwenye 12.6 kama risasi ina mstari wake wa pili, halafu 11.7 kama arseniki ina wa kwake. Na hata ukikuta risasi bado hujamaliza, eksirei inapenya, inawezekana imetoka kwenye tabaka jeupe la chini wala siyo kwenye njano unayoiona kwa macho. Sasa kitu kama hicho ukipewa data ghafi na mwalimu wa kukusahihisha unakijua vizuri tu ukiwa nyumbani. Kwa hiyo swali la kuwauliza chuo ni hili, je mnatupa data ghafi au mnatupa slaidi? Wakisema slaidi, achana nao.

MlinziWaGhala:
Mimi nitasemea uhifadhi wa kinga, yaani kuzuia vitu visiharibike, maana watu wanausahau na ndio unaookoa vitu vingi kwa mpigo. Mwanga, unyevu, wadudu, mvuke wa asidi kutoka kwenye mbao za kabati, haya yote yanasomeka kwa mbali karibu yote. Taasisi ya uhifadhi ya Kanada imeweka bure maelezo ya visababishi 10 vya uharibifu, soma hayo kabla hujalipa ada popote. ICCROM, kituo cha kimataifa cha uhifadhi kilichoko Roma, nao wana mwongozo wa kupanga upya maghala, unaitwa RE-ORG, bure pia. Halafu wewe una maabara tayari, fanya jaribio la Oddy, la kujua kama ubao au kitambaa kinatoa mvuke unaoharibu vitu, lilianzia British Museum miaka ya 1970. Unaweka vipande vya fedha, shaba na risasi kwenye chupa iliyofungwa vizuri pamoja na kipande cha ubao au kitambaa unachotaka kukijaribu na maji kidogo, joto nyuzi 60, siku 28. Risasi ikiota unga mweupe kuna mvuke wa asidi, fedha ikiwa nyeusi kuna salfa. Ni sayansi yetu kabisa hiyo na haihitaji mashine kubwa.

Mkemia_Mpya:
Asanteni sana jamani, mmenifungua macho. Hilo la Oddy naliweza kabisa, oveni ipo kazini nitaomba ruhusa. Sasa nianze na kozi fupi au niombe masta moja kwa moja?

Darubini:
Kabla ya vyote viwili tafuta makusanyo ya vitu vya kale. Nenda makumbusho au hifadhi ya nyaraka yoyote utakayoweza kufika, ongea na mtunzaji, jitolee hata siku moja kwa wiki kuwasomea unyevu na joto la ghala. Tasnifu ya masta inataka vitu halisi, anayesoma chuoni anapewa na chuo, wewe wa mbali utavitoa wapi? Nimeona watu wazuri kabisa kichwani wamekwama hapo hapo, masomo wamemaliza yote, cha kupima hawana.

Grafu_Usiku:
Na ukishakubaliwa hapo makumbusho omba barua, uitume pamoja na maombi yako. Kozi fupi soma wakati unasubiri majibu, chagua ya darubini na rangi, kemia unayo tayari usiilipie mara ya pili.