Sumaku na batu ba zamani: uchawi ao?

Baba wa Ndosho: Bandugu, niko na swali. Jana mtoto wangu alitoa sumaku mu spika ya zamani, akaipitisha mu muchanga mweusi wa volkano hapa inje, ikatoka na ndevu za muchanga! Dada yangu anasema ni uchawi. Batu ba zamani nabo baliona vile?

Mwalimu Himbi: Ndugu, si vile kabisa. Thales wa Mileto, mwanafalsafa Mugiriki wa karne ya 6 mbele ya Kristo, alisema sumaku iko na roho juu inavuta chuma, ni Aristotle, mwanafalsafa mwengine Mugiriki, njo alituandikia ile. Kwangu ile ni mawazo ya mutu mwenye kuangalia vitu muzuri, aliona jiwe linafanya kazi akatafuta sababu ndani ya jiwe lenyewe.

Mama Birere: Na Plutarch, mwandishi Mugiriki wa zamani, aliandika kama ukipaka sumaku kitunguu saumu inaacha kuvuta, batu bakaamini karne na karne mpaka della Porta, mutaalamu wa Italia, akajaribu, mu kitabu chake cha 1589 akasema ni uongo. Mi nimejaribu sasa hivi mu jikoni, nimepaka mpaka vidole vinanuka, musumari ungali unashikwa!

Baba wa Ndosho: Aksanti sana mama, kesho tunajaribu na mtoto.