Diwani na riwaya mpya mnazipata wapi?

Msomaji wa Mwanza: Habari zenu wadau. Maduka ya vitabu ninayopita huku yamejaa vitabu vya shule na miongozo ya mitihani. Nikiulizia diwani mpya ya mashairi, napewa ile ile tuliyosoma kidato cha tatu. Natamani kazi za sasa, za wachapishaji huru wa kwetu. Nyie mnajuaje kitabu kimetoka?

Binti Tanga: Kaka, mimi huanzia kwenye tuzo. Ile ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na baadaye kuitwa Safal-Cornell, ilikuwa inapokea hadi miswada ambayo haijachapishwa, na kadhaa iliyoshinda ilichapishwa na Mkuki na Nyota, wachapishaji huru wa Dar es Salaam tangu 1991. Ndiko nilikomfahamu Dotto Rangimoto wa Morogoro, mshindi wa ushairi wa 2017. Ila usiishie kwa mshindi! Pitia orodha ya waliofika fainali, kisha watafute Facebook. Malenga wetu wengi huziweka tungo zao humo zikiwa bado za moto.

Ukiishika diwani, ifungue katikati usome ubeti kwa sauti, hapo hapo dukani, wakutazame tu. Kina cha kati kilicholazimishwa sikio hulikamata upesi. Halafu fuata kibwagizo: kila kikirudi kinaongeza uzito, au kinajaza nafasi? Shairi likikuacha na hamu ya ubeti unaofuata, lipa uondoke nayo. Vitabu hivi huchapwa nakala chache, na mwandishi anahitaji ile hela yako kuliko pongezi zetu za mtandaoni.

Mdau wa Kariakoo: Ukifika Dar, ingia duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House), Barabara ya Samora. Mkahawa wa vitabu uitwao Soma, kule Mikocheni, pia pazuri, wana vitabu na mazungumzo ya wasomaji. Kama huji karibuni, ndugu akununulie akupakilie kwenye basi.

Mkenya Msomaji: Nairobi kuna duka la Nuria, wanauza hata vitabu vya waandishi wanaojichapishia.

Msomaji wa Mwanza: Asanteni sana. Dada wa Tanga, na riwaya? Ningependa ya mwanamke.

Binti Tanga: Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar, *Mungu Hakopeshwi*. Ilishinda tuzo hiyo hiyo upande wa riwaya 2018. Ukimaliza sura za mwanzo njoo tuijadili, maana huku nilipo sina wa kuzungumza naye.