Wahojiwa wanasema watanunua briketi, lakini hawazinunui: nirekebishe nini katika hojaji yangu?

Mtafiti_Nakawa

Nawasalimu nyote, watafiti na wafanyabiashara. Ninaandika tasnifu ya uzamili katika fani ya masoko hapa Kampala, na mada yangu ni mambo yanayowafanya watumiaji wa mjini wachague briketi, yaani vipande vya nishati vilivyoshindiliwa kwa vumbi la makaa na mabaki ya mimea, badala ya makaa ya miti. Nimeujenga utafiti juu ya Nadharia ya Tabia Iliyopangwa ya Icek Ajzen ya mwaka 1991, inayosema kwamba mtazamo, shinikizo la jamii na uwezo wa kulitawala tendo huzaa nia, na nia huzaa tendo, nikatunga hojaji yenye mizani ya Likert ya ngazi 5 (kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa"), kisha nikaifanyia majaribio kwa akina mama 30 wa Kalerwe, soko la hapa Kampala. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi majibu ya kauli yanavyokwenda pamoja, ilivuka 0.70, na msimamizi wangu akaridhika.

Mimi sikuridhika. Karibu wote walitia alama kwenye "nakubali kabisa" katika kila kauli, iwe ya kuyajali mazingira au ya kukusudia kununua bidhaa za kijani. Mama mmoja, mara tu aliponirudishia karatasi, alivuka njia mbele ya macho yangu akanunua mkebe wa makaa, ilhali briketi zilikuwa zimepangwa kwenye meza iliyofuata. Naomba ushauri wenu: niongeze sampuli hadi watu 384 kama jedwali la Krejcie na Morgan linavyoelekeza, nikitumaini kwamba tofauti zitajitokeza, au kosa limo ndani ya hojaji yenyewe?

Mkufunzi_Mbarara

Ndugu, usiongeze hata mhojiwa mmoja kabla hujarekebisha maswali. Jedwali lile la mwaka 1970 linakuambia watu wangapi wanatosha kuwakilisha kundi kubwa. Halikuambii kama ulichowauliza ndicho unachotaka kukijua. Alfa nayo inaonyesha tu kwamba majibu ya kauli zako yanakwenda pamoja, na mtu anayetia alama ya "nakubali kabisa" kuanzia juu hadi chini, kwa sababu anataka kumpendeza mgeni mwenye karatasi, atakupa alfa nzuri sana.

Umeitumia nadharia ya Ajzen lakini umeliacha sharti lake muhimu. Yeye na Martin Fishbein walisisitiza kwamba mtazamo, nia na tendo lazima vipimwe katika kiwango kimoja cha umahususi: tendo gani, juu ya kitu gani, mahali au hali gani, na kwa wakati gani. Kauli yako ya "nakusudia kununua bidhaa zinazolinda mazingira" inataja kununua tu, bila bidhaa mahususi, mahali wala wakati, na ndiyo maana kila mtu anaikubali bila kujifunga kwa lolote. Linganisha na kauli hii: "Katika siku 7 zijazo nitanunua briketi kwa ajili ya kupikia nyumbani kwangu." Hapo mama atanyamaza kidogo, atafikiria sigiri yake na fedha zilizomo mkobani, kisha atakujibu. Kunyamaza huko ndiko unakokutafuta.

Jambo la pili ni kulipima tendo lenyewe. Kuna utaratibu uliopendekezwa na Becker, DeGroot na Marschak mwaka 1964, ambao unafaa sokoni bila mitambo yoyote. Mhojiwa anataja bei ya juu kabisa ambayo yuko tayari kulipa kwa kilo moja ya briketi, kisha anachota karatasi yenye bei kutoka kwenye mfuko. Ikiwa bei iliyochotwa haizidi aliyoitaja, ananunua kwa bei ile iliyochotwa, ikizidi, hanunui. Kwa kuwa bei aliyoitaja haimpandishii wala kumshushia gharama, hana sababu ya kudanganya. Kumbuka tu kwamba kubadilisha utaratibu namna hii kunahitaji kibali kipya cha kamati yako ya maadili kabla hujarudi sokoni.

MamaBriketi_Jinja

Mwanangu, mimi si msomi wa chuo kikuu, lakini natengeneza na kuuza briketi, na yule mama wa Kalerwe namfahamu vizuri ingawa sijawahi kumwona. Hakukudanganya. Anayapenda mazingira kwa dhati, ila siku ile alikuwa anakwenda kuchemsha chai.

Briketi zetu tunazitengeneza kwa vumbi la makaa na maganda ya matooke yaliyochomwa, tukizishikanisha kwa uji wa muhogo. Huchelewa kushika moto kuliko makaa, lakini zikishika zinatulia, na sufuria ya maharage inaiva bila wewe kurudi kuongeza. Kwa hiyo mteja wangu wa kudumu ni yule mwenye kibanda cha chakula, anayepika maharage na nyama tangu asubuhi. Mama wa nyumbani anayetaka moto wa haraka hununua mara moja, anahangaika kuziwasha, watoto wanachelewa shuleni, na harudi tena. Hojaji yako iliuliza anapika nini na saa ngapi? Kama haikuuliza, imemwacha nje mteja mwenyewe.

Msimu wa mvua nao una yake. Briketi hazikauki sawasawa, na mteja kabla ya kulipa huichukua moja akaigonga na nyingine. Ikimeguka mkononi anairudisha mezani bila kusema neno. Hapo hakuna bango la kijani litakalomrudisha. Tena wapo wanaochanganya udongo mwingi ili kuongeza uzito, wakaandika "rafiki wa mazingira" kwenye mfuko, na mteja akabaki na majivu tele. Wanatuharibia sote jina, na inaniuma.

Takwimu_Gulu

Naongeza mawili kwa ufupi. Kwanza, weka tarehe ya kila mahojiano katika data yako, kwa sababu bei ya makaa hubadilika na mvua, na pia kwa amri za serikali, kama ile ya Mei 2023 iliyopiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara huku Kaskazini. Mtu aliyehamia briketi kwa sababu makaa yamepanda bei usimhesabu kama aliyeshawishiwa na masoko ya kijani.

Pili, yatazame makavera, yaani mifuko ya plastiki. Sheria yetu ya fedha ya mwaka 2009 ilipiga marufuku mifuko hiyo, na hadi leo inafungiwa nyanya sokoni, ilhali kule Kenya, ambako marufuku ilianza tarehe 28 Agosti 2017 kwa adhabu kali, mnunuzi alilazimika kubadilika haraka. Sidhani kama Wakenya walikuwa na mtazamo bora kuliko wetu. Kwa hiyo katika modeli yako, kipengele cha uwezo wa kulitawala tendo, yaani upatikanaji, bei na ujuzi wa kuwasha, kipe nafasi ya kuathiri tendo moja kwa moja, kama Ajzen mwenyewe alivyokichora, badala ya kukipitisha kwenye nia pekee.

Mtafiti_Nakawa

Nawashukuru sana. Mwalimu, kauli zote za nia nimezifuta, na leo nimeanza kuziandika upya kwa tendo na siku. Mama, nimeongeza swali la chakula kilichopikwa jana na saa moto ulipowashwa, na vibanda vya chakula nitavitenga kama kundi lao. Limebaki moja linalonisumbua: katika tafsiri ya Luganda nimetumia "obutonde bw'ensi" kwa maana ya mazingira, na baadhi ya wahojiwa walianza kunieleza habari za misitu na ziwa, si moshi wa jikoni. Nilitenganishe neno hilo katika maswali mawili?

MamaBriketi_Jinja

Litenganishe, mwanangu. Na la moshi lianze.