Naombeni ushauri: riwaya za vijana wanaosomea uchawi

Habari zenu wadau. Binti yangu wa miaka 13 amezama kwenye riwaya za vijana wanaojifunza uchawi. Alianza na A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin (1968). Kilichomgusa ni Ged, kijana mchawi wa kitabu hicho, kukiachilia kivuli kiovu kwa kiburi chake, kisha kulazimika kukikabili mwenyewe. Uchawi wenye gharama, huo ndio anaoutaka! Vingi nilivyompa baadaye, kijana ni mteule tangu kuzaliwa na anashinda bila jasho, anaviacha katikati. Nimtafutie vitabu vipi? Halafu Tehanu ya 1990, riwaya nyingine ya Le Guin kwenye mfululizo huohuo, yenye mtoto aliyeunguzwa na watu wake, nimpe sasa au nisubiri akue kidogo? Mliowasomesha wenu, nisaidieni.